Unataka kuwa mtu wa mfumo? Anzia stoo

Vijana wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii huanza na swali lilelile: nisome programu gani? SAP, Odoo, Dynamics au Sage? Mimi huwauliza: unajua nondo inanunuliwaje na inauzwaje? Wengi hunyamaza. Wachache nadhani huondoka wakiniona kichaa.

Kazi yenyewe iko hivi. Kampuni inanunua programu ya kuendeshea biashara: mauzo, manunuzi, stoo, mishahara na hesabu, vyote mahali pamoja. Programu inakuja tupu. Mtu wa mfumo anakaa na wenye biashara mpaka aielewe kazi yao, anaipanga programu iifuate, anaingiza masalio ya mwanzo, yaani stoo na madeni yaliyopo siku mfumo unapoanza, anafundisha watu, kisha anabaki nao hadi mwezi wa kwanza ufungwe, yaani hesabu zake zikamilishwe. Kuandika programu ni sehemu ndogo sana. Mimi nimetokea uhasibu, na baadhi ya wenzangu wazuri kuliko mimi walikuwa watunza stoo.

Sasa hiyo nondo. Duka la vifaa vya ujenzi hununua kwa tani na kuuza kwa kipande. Nondo ya milimita 12, urefu wa mita 12, ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja hutoa kama vipande 94. Niliwahi kuitwa kwenye duka la aina hiyo, Dar es Salaam. Mfumo ulishapangwa na mtu mwingine, na mtunza stoo alikuwa njiani kufukuzwa. Kila mzigo ukiisha, kompyuta inasema nondo bado zipo. Ukienda kuangalia, pamebaki vumbi. Bosi alishaamini kwamba zinatoka usiku.

Hakuna aliyeiba. Aliyeupanga mfumo aliifanya tani kuwa kipimo cha msingi, akaacha tarakimu mbili tu baada ya nukta. Kipande kimoja ni kama tani 0.0106, mfumo ukawa unaandika 0.01. Ukiuza vipande vyote 94 unatoa 0.94, na ile 0.06 inabaki kwenye ripoti. Hivyo ni vipande sita hewa kwa kila tani, na bosi alikuwa anaagiza tani nyingi kwa mkupuo.

Dawa yake ni kukifanya kipande kuwa kipimo cha msingi, tani ibaki kwenye manunuzi tu. Ila programu kama ERPNext, na nyingine nyingi, hazikuachii kubadili kipimo hicho bidhaa ikishakuwa na miamala. Ikabidi tufungue bidhaa upya, tuhesabu stoo nzima, tuhamishe masalio, na mtunza stoo akabaki na kazi yake. Tangu hapo sipangi bidhaa hata moja kabla sijasimama stoo nikaona kitu kidogo kabisa kinachotoka mlangoni ni kipi: kipande, kilo, mita, pakiti. Kwenye nondo nahesabu mzigo wenyewe, maana uzito hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda.

Masalio ya mwanzo nayo yana vituko vyake, hasa upande wa madeni. Ukienda kwa mfanyabiashara wa Kariakoo ukamwomba orodha ya wadaiwa, atakupa daftari. Daftari hilo lina nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni mali kauli, yaani mzigo uliotolewa kwa ahadi ya mdomo, na iko kichwani mwake. Usimharakishe. Kaa naye jioni biashara ikipoa, mtaje mteja mmoja mmoja, na kila deni mlilokubaliana aweke sahihi. Bila sahihi hiyo, mteja wa kwanza atakayekana deni atafanya mfumo wako uitwe mwongo.

Kuhusu wafanyakazi, watakuogopa. Mhudumu mmoja aliniuliza wazi, "Dada, hiki kitu kimekuja kututoa kazini?" Jibu kwa ukweli unaoujua, usiahidi kwa niaba ya bosi. Kisha tafuta yule ambaye wenzake humkimbilia kompyuta ikigoma, umfundishe kwanza. Huyo atakusaidia kuliko meneja.

Kodi lazima uzijue, hata kama umetokea upande wa kompyuta. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni 18%, na mauzo ya kwenye mfumo lazima yaoane na risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, au za VFD, ambazo hutolewa na programu bila mashine, kama mfumo wa duka umeunganishwa na TRA, mamlaka ya mapato. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT ni tarehe 20; usitegemee mhasibu akupe muda siku zinazokaribia tarehe hizo. Ukipata kazi Kenya utakutana na VAT ya 16% na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya huko. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki kupunguza kodi ya mapato, kwa hiyo mteja atakuuliza habari hiyo kabla hujakaa.

Vyeti? Ni vizuri kuwa navyo. Mtihani wa MB-800 wa Microsoft, wa programu yao ya Dynamics 365 Business Central, unafungua milango kwenye kampuni zinazoitumia, na Odoo wana wa kwao. Lakini chagua programu moja ukae nayo. Mtu anayesema anazijua sita, mimi simpeleki kwa mteja.

Ukianza kujitegemea, gawa malipo kwa hatua: sehemu mkisaini, sehemu mafunzo yakiisha, sehemu mwezi wa kwanza ukifungwa. Andika kwenye mkataba nani analeta data na lini, kwa sababu hapo ndipo miradi inapolala. Kumbuka pia mteja atakukata 5% ya kodi ya zuio, anayoipeleka TRA kwa niaba yako. Dai cheti chake siku hiyohiyo, ukikiacha hadi mwisho wa mwaka utazungushwa.

Kama huna uzoefu wowote, mwombe shangazi au jirani mwenye duka akuazime daftari la mwezi mmoja. Weka ERPNext au Odoo Community kwenye laptop, zote ni za bure, uingize mauzo, manunuzi na madeni yake kama yalivyo, kisha ufunge mwezi. Chapisha ripoti ya stoo, mwende mkahesabu pamoja rafu kwa rafu. Pale ambapo ripoti na rafu zinakataana, tafuta sababu mpaka uipate, uiandike. Karatasi hiyo nenda nayo kwenye usaili.