Dubai au Istanbul, na mama mwenye magoti mabovu?

SWALI: Shikamoo Mama Safari. Mwezi wa nne mimi na mume wangu tunampeleka mama mkwe kutembea nje ya nchi, siku nne tu. Tunafika Jumamosi, tunaondoka Jumatano. Mume wangu anataka Dubai: ni tambarare, lifti kila mahali, na mama magoti yanamsumbua. Mimi moyo wangu uko Istanbul, na mama mwenyewe hachoki kusema anatamani kuswali Hagia Sophia. Ila nasikia Istanbul ni vilima vitupu. Twende wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni Istanbul.

Mumeo ana hoja, ila kasahau kwamba tambarare si karibu. Dubai, ukishuka metro kituo cha Burj Khalifa, kufika Dubai Mall unapita ujia wa kioo wa mita 800 hivi. Una kiyoyozi na mikanda ya kukubeba, sikatai, lakini mikanda haiendi mfululizo, na ukifika ndio kwanza unaanza kutembea, maana duka lenyewe ni kama mji. Tena mwezi wa nne joto la mchana limeshapita nyuzi 30, kwa hiyo mtashinda humo humo, kwenye marumaru. Ingekuwa Januari ningefikiria upya.

Vilima vya Istanbul ni vya kweli, na mimi vilishaniaibisha. Nilimpandisha shangazi yangu kwa miguu kutoka Karaköy kwenda Mnara wa Galata. Katikati ya mlima akakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu, akavua viatu, akavipanga kando yake, akaniambia: "Wewe nenda. Ukirudi utanisimulia." Na muda wote huo, chini ya ardhi hapo hapo Karaköy, kulikuwa na Tünel, kigari cha reli cha tangu 1875 kinachopanda kilima hicho kwa dakika moja na nusu! Nilikijua jioni. Ninyi mkipande.

Laleni mtaa wa Sultanahmet, karibu na njia ya tramu. Hagia Sophia na Msikiti wa Sultan Ahmed vinatazamana, katikati kuna bustani yenye mabenchi, na kasri la Topkapı liko nyuma tu. Jambo la kumwambia mama: tangu 2024 watalii wa kigeni hukata tiketi na kupelekwa ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali huingia chini, bila malipo. Kwa hiyo asifuate foleni ya tiketi. Aende na wanaoswali, asujudu ndani ya jengo la mwaka 537 bila kupanda popote. Hifadhi ya maji ya chini ya ardhi, ile ya nguzo na vichwa vya Medusa wa hekaya za Kigiriki, mkienda mwacheni mama juu akipumzika. Ngazi zake ni zaidi ya 50, na unazozishuka utazipanda.

Siku zenu zina mtego. Soko Kuu hufungwa Jumapili, Topkapı hufungwa Jumanne. Basi Jumapili kasri, Jumatatu soko.

Jumanne yote mpeni mama feri. Si zile za watalii zenye vipaza sauti. Feri ya abiria wa kawaida, kutoka Eminönü kwenda Kadıköy. Mkaeni dirishani. Atapita muuza chai na sinia la vigilasi vyembamba kiunoni, shakwe watafuatana na meli wakidaka vipande vya mkate hewani, na kwa dakika ishirini hivi mama atakuwa ametoka Ulaya kaingia Asia, magoti yamekunjwa. Mkitaka, rudini na feri ya kutoka Üsküdar, mtaa mwingine wa upande huo wa Asia.

Mumeo mpe kazi ya kubeba koti la mama. Jioni upepo wa Bosphorus, mlango wa bahari mtakaouvuka, unakata.