Mashine inazima kila nikiekspoti picha, fundi keshapiga Windows mara mbili na bado

SWALI: Habari kaka, naomba msaada wako. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Morogoro, naediti mwenyewe kwa Lightroom. Mashine yangu ni desktopu used ile ya ofisini, prosesa i5-8500, ram ilikuja na GB 8 nikaongeza 8 nyingine, halafu fundi akaniwekea kadi ya grafiki GTX 1660 Super ili kazi iende haraka. Shida ni kwamba nikicheki muvi au nikiandika invoisi inakaa siku nzima freshi tu, ila nikianza kuekspoti picha nyingi au nikibonyeza Denoise (ile ya kuondoa chengachenga kwenye picha) inazima paa kama mtu kachomoa waya, halafu inajiwasha yenyewe. Skrini ya bluu haiji. Fundi kapiga Windows mara mbili, hakuna kitu. Na siku hizi kuna JPEG zinatoka na mstari katikati, chini ya mstari rangi zote zimehama, nyingine nusu ni kijivu. Powa saplai imeandikwa 260W. Sasa naambiwa ninunue mazabodi, nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada, pole sana na hiyo kazi. Mazabodi usinunue kwanza, na Windows isipigwe tena. Kabla sijaenda mbali, memori kadi zenye picha za wateja usizifomati kwa sasa hata kama ulishakopi kwenye mashine, sababu nitaieleza huko chini.

Kwa maelezo yako naona mashine ina magonjwa mawili tofauti, ndo maana kila fundi akigusa anachanganyikiwa. Kuzima ni ishu ya umeme, hizo picha zenye rangi iliyohama ni ishu nyingine na nahisi ni ram, ile memori ya muda mashine inayofanyia kazi.

Tuanze na kuzima. Jinsi mashine inavyokufa inakwambia mengi kuliko hata namba ya erori. Ingekuwa draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiki, au kadi yenyewe inasumbua ungeona skrini inakuwa nyeusi sekunde kadhaa inarudi, au programu inafunga peke yake na Windows inabaki hai, maana Windows huwa inaisubiri kadi ya grafiki sekunde 2 ikikaa kimya inairestati. Ingekuwa joto la prosesa, mara nyingi ungeona kwanza mashine imekuwa nzito, feni zinapiga kelele kama genereta, maana prosesa za Intel zikikaribia nyuzi 100 hupunguza spidi zenyewe kabla ya kuzima. Yako inakata paa bila salamu, tena pale tu kadi na prosesa zinapobanwa kwa pamoja. Huo ni umeme kuishiwa nguvu ndani ya mashine.

Hakikisha hivi: fungua Event Viewer, daftari la Windows la matukio ya mashine, ingia Windows Logs halafu System, tafuta Kernel-Power namba 41 ya muda ule ilipozima. Watu wengi wakiona hiyo 41 wanaigugo wanaambiwa ndo ugonjwa, hapana, yenyewe inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuzimwa. Cha maana ni kufungua Details ndani yake uangalie BugcheckCode, ikiwa 0 maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na hiyo ndo alama ya kukatwa umeme. Ikiwa namba nyingine, au juu yake kuna mistari ya WHEA-Logger, yaani ripoti za erori za vifaa vyenyewe, nitumie, stori inabadilika.

Sasa najua utasema kaka mbona 260W inatosha, kadi inakula 125, prosesa 65, jumla 190. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Ila hizo namba ni wastani wa kazi, sio kilele. Kadi inaweza kuruka juu ya 125 kwa sehemu ndogo ya sekunde, i5-8500 nayo ikijiongeza spidi (turbo) inapita 65, halafu powa saplai yenyewe imeshafanya kazi ofisini kwa watu miaka mingi kabla haijafika kwako. NVIDIA wenyewe kwa kadi hiyo wanashauri powa saplai ya 450W, na hawakuweka namba hiyo ili wakutie hasara.

Na kuna kitu hujakisema lakini nina wasiwasi nacho sana, hiyo kadi inahitaji waya wa pini 8, na powa saplai za desktopu za ofisini nyingi hazina huo waya. Kwa hiyo fundi aliutoa wapi? Fungua kava uangalie, mara nyingi utakuta adapta inayotoka kwenye waya wa SATA, ule bapa wa kuchomekea diski, kuja pini 8. Kama ndo hivyo dada usiekspoti tena kwa mashine hiyo mpaka uitoe. Waya wa SATA kwenye volti 12 umetengenezwa kubeba ampea 4.5, yaani wati 54 basi. Sloti ya mazabodi inatoa hadi 75, kwa hiyo ili kadi ifike 125 inabidi wati 50 zipite kwenye huo uzi mwembamba, hapo uko mlangoni kabisa mwa kikomo, na kadi ikiruka kidogo tu umeshapita. Zikiungua huwa zinayeyuka plastiki, kwa hiyo nusa, angalia kama kichwa cha SATA kimebadilika rangi. Kuzima ni afadhali kuliko moshi.

Kama waya uko salama basi jaribu bila kununua chochote. Ndani ya Lightroom ingia Preferences, Performance, kwenye Use Graphics Processor weka Off, halafu ekspoti picha zile zile zilizokuwa zinazimisha. Itaenda polepole lakini ikimaliza bila kuzima ujue kilichokuwa kinaizidi mashine ni kadi. Kisha irudishe kadi ila tumia programu ya MSI Afterburner kushusha Power Limit, yaani kikomo cha umeme wa kadi, mpaka kwenye asilimia 70 hivi, Denoise tena. Ikipona hapo umeshapata jibu, sababu kadi mbovu mara nyingi haiponi kwa kunyimwa chakula, ila powa saplai iliyochoka inapona. Chomeka pia mashine moja kwa moja ukutani, sio kwenye ekstensheni yenye friji na pasi wala kwenye UPS ndogo, UPS dhaifu nayo hukata hivyo hivyo. Kuna watu watakwambia piga testi za kubana kadi na prosesa kwa pamoja kama OCCT, ni testi nzuri sana lakini sio kwenye powa saplai ya 260W yenye adapta ya kuungaunga.

Kununua ndo kuna mtego. Usikimbilie Kariakoo kuchukua powa saplai ya 500W yoyote, desktopu nyingi za ofisini hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, zina plagi zao wenyewe, na boksi la powa saplai lina umbo lake, utafika nyumbani haiingii. Piga picha plagi zote, andika modeli ya mashine, nenda navyo dukani. Na ukipewa mpya nyepesi kama boksi tupu, na wati zimeandikwa 600 kwa bei ya chakula cha mchana, achana nayo. Kwa pesa kidogo mimi ningefanya kinyume, ningeuza hiyo 1660 Super nikachukua GTX 1650 ile isiyo na plagi ya umeme juu yake, inakula kwenye sloti tu, haivuki 75. Angalia vizuri maana zipo 1650 zenye pini 6. Denoise itachukua muda zaidi, lakini picha za harusi unaziacha zinasaga usiku. Na powa saplai yenyewe asiifungue mtu kwa nia ya kuisafisha, kapasita zake hushika chaji hata ikiwa imechomolewa.

Haya, picha sasa. Zile zenye nusu ya kijivu siziogopi, nyingi ni faili iliyokuwa inaandikwa umeme ukakatika, haikufika mwisho. Ekspoti upya zitatoka. Zinazonitisha ni zile ambazo ekspoti ilimaliza vizuri lakini kuanzia mstari fulani rangi zimehama. JPEG huwa inahifadhi kila kijibox cha picha kwa kuandika tofauti yake na kilichotangulia, kwa hiyo biti moja ikigeuka mahali, vyote vinavyofuata vinabeba kosa hilo mpaka chini. Na kitu kinachogeuza biti kimya kimya ni ram, hasa ram mbili za aina tofauti zilizolazimishwa kukaa pamoja, kama pengine zako. Kwenye kuandika barua usingejua, herufi moja ikikosewa utadhani ni kidole chako. Lightroom inajaza ram yote ndo maana inaumbuka huko.

Ndo maana nimekuambia usifomati memori kadi. Picha ikikopiwa kutoka kwenye kadi inapita kwenye ram hiyo hiyo, RAW, lile faili ghafi la kamera, inaweza kuwa imetua kwenye diski ikiwa imeshaharibika na wewe hujui mpaka bwana harusi adai albamu. Kakopi upya kwa mashine ya mtu mwingine.

Kupima ram, weka MemTest86 kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, iache raundi zote 4 hata kama ni usiku kucha. Hapo kadi ya grafiki haifanyi kazi kubwa kwa hiyo haitarajiwi kuzima. Jibu linalokubalika ni sifuri, erori moja tu ujue kuna ubovu, asije mtu akakwambia moja sio mbaya. Ikitoa erori chomoa kipande kimoja upime kimoja kimoja, kwenye sloti ile ile, halafu kile kizuri ukihamishie sloti ya pili upime tena, hapo utajua kama mbovu ni ram au sloti. Ikiwa ni sloti, ndo tutaongelea mazabodi. Kila kipande peke yake kikiwa safi lakini vikiwa pamoja vinakosea, basi havipatani, tafuta viwili vinavyofanana.

MemTest ikitoka safi kabisa, hamia kwenye diski, programu ya kupima afya ya diski, CrystalDiskInfo, ikiandika Caution hamisha kazi za watu siku hiyo hiyo. Jaribu na hili: chukua faili la zip kubwa kuliko ram yako, mfano GB 20, fungua CMD uandike certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na SHA256, subiri, rudia tena. Faili halijaguswa, lazima majibu yafanane herufi kwa herufi. Yakitofautiana mashine inasoma uongo.

Kwa wengine mnaosoma mkiwa na mashine mpya za i7 na i9 kizazi cha 13 na 14 za desktopu, yenu ni habari nyingine. Mwaka 2024 Intel walikubali kuwa zilikuwa zinapewa volti kubwa kupita kiasi zinachakaa, wakatoa marekebisho ya BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) kuanzia Agosti, na waranti wakaongeza miaka miwili. Pigeni apdeti ya BIOS, ila prosesa iliyokwisha kuchakaa apdeti haiirudishi, hiyo ni ya kudai waranti.

Dada, anza na kufungua kava leo uangalie huo waya, MemTest iwekee usiku. Nitumie picha ya lebo ya powa saplai, sehemu ya +12V, pale panaonyesha ampea ngapi kweli, ndo nitakwambia kama kuna kadi yoyote inayoweza kukaa humo.