Misingi ya bayoteknolojia: mnauliza, tunajibu

Nimeitwa chuo kikuu Juja kusomea bayoteknolojia, lakini hesabu ilinipiga chenga shuleni. Nitaweza?

Utaweza, ila kuna hesabu moja huwezi kuikwepa: ya kuzimua. Kanuni yake ni C1V1 = C2V2, yaani ukali wa mwanzo mara ujazo wake ni sawa na ukali wa mwisho mara ujazo wake. Bafa ya TAE, kwa mfano, kimiminika cha kupitishia umeme kwenye jeli ya DNA, huwekwa ikiwa kali mara 50 na hutumika ikiwa mara 1. Ukitaka lita 1, gawanya mililita 1,000 kwa 50, upate 20. Pima mililita 20 za bafa kali, ongeza maji safi ya maabara mpaka zitimie 1,000.

Kinachoangusha wengi si kanuni, ni pipeti, kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika kidogo kidogo. Katika pipeti nyingi zenye dirisha la tarakimu tatu, "100" kwenye P20 (inayopima hadi mikrolita 20) ni mikrolita 10, kwenye P200 ni 100, na kwenye P1000 ni 1,000. Tarakimu zile zile, tofauti ya mara kumi kila hatua. Kabla ya kunyonya chochote, soma jina la pipeti.

Tulifanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi), jeli ya kutenganisha DNA kwa umeme ikatoka tupu. Tuanzie wapi?

Tazameni leda kwanza, ile DNA ya kupimia ukubwa. Kama nayo haionekani, msiilaumu PCR. Huenda rangi ya kuonyesha DNA ilisahaulika, au nyaya ziligeuzwa. DNA ina chaji hasi, hivyo hukimbilia upande chanya, wenye waya mwekundu. Vishimo vya sampuli vikae upande wa waya mweusi, la sivyo DNA itatokea nyuma ya jeli na kupotelea kwenye bafa. Kosa jingine ni kuyeyusha gramu 1 ya agarosi, unga wa kutengenezea jeli, katika mililita 100 za maji badala ya bafa. Jeli itaganda na kupendeza, lakini haina ayoni za kutosha kupitisha umeme, na DNA haitasogea inavyotakiwa.

Leda ikionekana na sampuli zisionekane, rudini kwenye PCR. Mshukiwa wa kwanza ni Taq, kimeng'enya kinachojenga nakala za DNA. Huhifadhiwa ndani ya gliseroli, ambayo ni nzito kuliko maji. Mkishaiongeza kwenye mchanganyiko wa PCR, inueni kichupa kwenye mwanga mtaona uzi laini ukiteremka hadi chini na kutulia pale. Msipochanganya, vichupa vingine vitakosa Taq kabisa. Nyonyeni na kurudisha polepole mara kumi hivi. Ncha ya pipeti iguse juu tu ya Taq. Ikizama, gliseroli hung'ang'ania nje ya ncha na kimeng'enya cha bei ghali kinapotea. Na kwa sampuli 8, andaeni mchanganyiko wa kutosha sampuli 9, kwa sababu kidogo hubaki kwenye ncha kila mara.

Mkishindwa tena, angalieni joto ambalo praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala, hushika DNA. Anzeni digrii 5 hivi chini ya joto lake la kuyeyuka, yaani la kuachia DNA. Likizidi, hazishiki, likipungua mno, hushika popote na jeli hujaa mistari msiyoitarajia.

Kichupa cha PCR tulichotia maji badala ya DNA kimetoa mstari. Naweza kutumia matokeo mengine?

Usiyatumie. Kuna DNA imeingia kwenye maji, praima au pipeti yako. Fungua maji mapya na praima mpya, badilisha ncha kila unapogusa kichupa, kisha urudie.

Bayoteknolojia ni GMO (viumbe vilivyobadilishwa jeni) tu?

Hapana. Hamira inayoumua mandazi na bakteria wanaochachusha mursik wamo. Insulini iliyotengenezwa na bakteria waliopewa jeni ya binadamu iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kwetu Kenya, pamba ya Bt, iliyopewa jeni ya bakteria ili ijikinge na viwavi, iliruhusiwa kulimwa kibiashara Desemba 2019.

Nataka kumwonyesha dada yangu mdogo DNA kwa macho. Inawezekana jikoni?

Inawezekana, mradi jiko limezimwa, maana mvuke wa spiriti hushika moto. Ponda nusu ya ndizi iliyoiva sana. Koroga kijiko cha chai cha chumvi na viwili vya sabuni ya maji ya vyombo katika mililita 100 za maji, mimina kwenye ndizi, changanya taratibu bila povu, ngoja dakika 10. Sabuni huvunja mafuta ya utando wa seli. Chuja kwa chujio la chai.

Sasa inamisha gilasi, uteremshie kandokando yake spiriti iliyolala kwenye friza, kiasi sawa na maji yale. Tafuta yenye alkoholi asilimia 90 au zaidi. Ukiimimina kwa pupa itachanganyika na utaona ukungu tu. Ukiwa mpole, italala juu, na baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama ute zitapanda kati ya tabaka hizo mbili. Chumvi imetuliza chaji za DNA hadi nyuzi zikakaribiana, na ndani ya spiriti haziwezi kuyeyuka. Zizungushe kwa kijiti cha meno. Mwambie dada ukweli pia: hiyo si DNA tupu, ina protini na pektini za ndizi ndani yake.