Programu ya data za majaribio ya dawa: anzia kwenye masahihisho

Programu yangu ya kwanza ya kukusanya data za majaribio ya dawa ilikuwa na fomu za kupendeza. Mkaguzi alizitazama dakika chache, kisha akauliza: "Mshiriki huyu ameandikwa kilo 68. Mwanzoni iliandikwa ngapi?" Sikuwa na jibu. Muuguzi alisahihisha uzito, nao mfumo wangu ukaitupa namba ya zamani na kuweka mpya.

Nilikuwa nimetumia miezi kadhaa kurahisisha uingizaji wa data, ambao wala haukuwa mgumu. Kazi iko kwenye masahihisho. Kanuni ya Marekani iitwayo 21 CFR Part 11, ya mwaka 1997, inataka mfumo wenyewe uweke kumbukumbu zenye tarehe na saa, na badiliko lisifiche kilichoandikwa awali. Kwa hiyo siku hizi kwenye jedwali la majibu siruhusu kabisa amri ya kufuta. Kila badiliko ni safu mpya: nani, lini, ilikuwa nini, imekuwa nini, kwa sababu gani. Hata msimamizi wa mfumo asiweze kuizima rejista hiyo. Muda nauchukua kwenye seva, maana saa za simu na tableti zinadanganya. Fomu ikijazwa pasipo mtandao, nahifadhi saa zote mbili, ya kifaa na ya seva ilipopokea.

Sababu ya badiliko ilinisumbua kuliko nilivyodhani. Niliweka kisanduku cha lazima, wauguzi wakawa wanaandika nukta tu. Sikuwalaumu, wana wagonjwa kwenye foleni. Nilipoweka machaguo machache (kosa la kunakili, taarifa mpya kutoka kwenye faili, jibu kwa mhakiki wa data, nyingine) rejista ikaanza kusomeka.

Lakini kuna makosa ambayo hayasahihishiki, kwa sababu ni programu iliyoyazaa. Mshiriki anaulizwa kisukari kilimwanza lini. Anakumbuka mwaka 2016, basi. Sehemu ya tarehe ikidai siku na mwezi, muuguzi ataweka 1 Januari ili aendelee na kazi, na kuanzia hapo hakuna atakayejua kwamba siku hiyo ni ya kubuni. Hifadhi tarehe kama maandishi kwa ISO 8601, mtindo wa kimataifa wa kuandika tarehe, unaokubali "2016" au "2016-05" peke yake; viwango vya CDISC, shirika la viwango vya data za majaribio ya dawa, navyo vinaupokea. Kukadiria siku ni kazi ya mtakwimu, tena aeleze alivyokadiria. Pengo nalo lina maana zake: hakuulizwa, hajui, amekataa kujibu, swali halimhusu. Ukiziacha zote ziwe kisanduku kitupu, umeshazipoteza.

Vivyo hivyo kwa vizuizi. Shinikizo la damu la 230 lipo kweli duniani. Mfumo ukikataa namba hiyo, utaletewa 200. Onya, uliza tena, lakini ipokee, kisha swali limfuate mhakiki. Vipimo vya maabara vipokee pamoja na kizio chake kama kilivyoandikwa, ubadilishaji uufanye baadaye: sukari ya 5.5 kwa mmol/L ni kama 99 kwa mg/dL, na namba bila kizio ni mtego.

Kama utafiti wako ni mdogo, tazama kwanza REDCap, programu iliyo tayari ya kukusanya data za utafiti, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, kabla hujaandika mstari wowote.

Ukiamua kujenga, weka njia rasmi ya kufungua data zilizokwisha kufungwa (yaani zisibadilishwe tena), yenye idhini na rejista yake. Mimi sikuiweka. Siku mbili baada ya kufunga, likaja jibu la maabara lililochelewa. Ikabidi niifungue hifadhidata kwa mkono, usiku, mashahidi wawili wakiwa pembeni, mmoja wao akinakili kwa kalamu kila amri niliyoiandika.