Mbwa, baiskeli na wakimbiaji kwenye njia moja

Pole dada kwa yaliyokukuta. Umeuliza nani ampishe mwenzake, wewe mwenye mbwa au yule wa baiskeli aliyenusurika kuanguka kwenye njia ya vumbi kule Mlimwa. Kwa maoni yangu, pisha wewe. Njia zetu za Dodoma zina mchanga, na tairi ikiingia kwenye mchanga laini huku mtu akifunga breki ghafla, anateleza. Mwenye gunia la mkaa nyuma ndiyo kabisa, hawezi kusimama papo hapo.

Kubwa zaidi ni kamba. Fupisha, mbwa atembee ubavuni mwako, upande wa nje wa njia. Kamba ndefu iliyokatiza njia ni mtego. Mbwa hufukuza kinachokimbia, hata awe mpole nyumbani. Ukiona mkimbiaji anakuja, toka pembeni, mkalishe mbwa, mpe kipande cha chakula mpaka mtu huyo apite. Atazoea. Tena usimwache amnuse mtu: majirani wengi Waislamu huona mate ya mbwa ni najisi, na wengine wanaogopa tu. Hilo liheshimu bila mjadala.

Wa baiskeli naye apige kengele akiwa mbali, siyo mgongoni kwako. Ukimkuta tena, mwombe kwa upole.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa, je? Hukuitaja. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa.