Kulia ni kwa nani? Jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi, Mtwara

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mchoro unaonyesha ini upande wako wa kushoto ilhali mwalimu anasema liko kulia. Kulia na kushoto ni kwa mwenye mwili, si kwa anayeutazama. Mwombe mwenzako hapo bwenini Mtwara asimame wima akikutazama, mikono ikiwa ubavuni, viganja vikielekea mbele na vidole gumba vikielekea nje. Huo ndio mkao wa kianatomia, na kila neno la mwelekeo hupimwa kwa mkao huo, hata mtu akiwa amelala chali mkekani, ambapo kichwa bado huhesabiwa kuwa juu ya kifua. Usipuuze viganja, kwani vikigeuzwa nyuma mifupa miwili ya kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja) hupishana.