Ukifuatilia meli ya mizigo ya vita, anza na shehena

Wanaoanza kusoma habari za meli za Vita Kuu ya Pili hukimbilia mizinga. Kwa meli ya mizigo utachoka bure. Mizinga ilikuwepo, ila kazi yake hasa ilikuwa kupakia, kusafiri na kupakua. Nimekuwa karani wa shehena Tanga, enzi mizigo inashushwa kwenye matishari meli ikiwa nangani, kwa hiyo mimi huuliza kwanza: ilibeba nini, na nani walipakia?

Chukua USS Serpens, meli ya mizigo ya Marekani. Ilishushwa majini Aprili 1943 huko Wilmington, California, ikiitwa Benjamin N. Cardozo, mojawapo ya meli za Liberty, yaani meli za mizigo za vita zilizojengwa chapuchapu kwa wingi. Jeshi la majini likaichukua, likaipa jina jipya, na mwezi Mei ikaanza kazi. Basi tafuta majina yote mawili, la sivyo nusu ya habari itakupita. Angalia pia mabaharia ni wa nani: hawa walikuwa Walinzi wa Pwani wa Marekani, na kumbukumbu zao nyingi zimo kwa kikosi hicho.

Ukifika kwenye safari zake usitegemee vita. Utakuta bandari tu, kwenda na kurudi katika visiwa vya Pasifiki ya Kusini, kwa mwendo wa noti kama 11, yaani maili 11 za baharini kwa saa. Usiruke kurasa hizo! Jeshi lililokuwa visiwani lilikula na kupigana kwa mizigo ya namna hiyo.

Usiku wa tarehe 29 Januari 1945, ikiwa nangani karibu na pwani ya Lunga, kisiwa cha Guadalcanal katika visiwa vya Solomon, ilikuwa ikipakia mabomu ya kuvunjia nyambizi. Ikalipuka. Ilibaki sehemu ya omo, yaani mbele ya meli, na waliokuwa melini wakapona wawili tu. Nahodha na wenzake wachache walikuwa nchi kavu. Kwanza ilidhaniwa ni adui. Mwaka 1949 ikatamkwa rasmi kuwa haikuwa hivyo. Kwa hiyo taarifa yoyote ya 1945 isome ukijua hilo.

Makaburini Arlington, makaburi ya wanajeshi wa Marekani karibu na Washington, yameandikwa majina 250. Si mabaharia peke yao. Wamo makuli wa jeshi la nchi kavu waliokuwa kazini usiku ule, na hao huwapati kwenye orodha ya wafanyakazi wa meli. Katafute upande wa jeshi lao.